SOMO: Resini na Maji Magumu – Tuelewe Kabla ya Kununua

Ndugu wanakamati wa parokia na wafadhili wetu, somo la robo hii linahusu mashine ya resini, inayotajwa mara nyingi vikao vinapojadili visima vya Ufipa. Ni vema kila kamati ijue inavyofanya kazi kabla ya kutenga fedha.

Maji magumu ni nini?
Ni maji yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi kutoka kwenye miamba. Sabuni haitoi povu, sufuria hushika ukoko mweupe, na maharage hukawia kuiva. Akina mama wana dawa yake: magadi kidogo. Sodiamu ya magadi huchukua nafasi ya kalsiamu ndani ya harage, nalo hulainika. Kuni huokolewa, lakini magadi huharibu vitamini B1, yasizidishwe.

Resini hufanyaje?
Ni kazi ileile ya kubadilishana. Resini ni punje ndogo za plastiki zilizobeba sodiamu. Maji yakipita, punje hunasa kalsiamu na kuachia sodiamu. Zikijaa, huoshwa kwa maji ya chumvi ya kawaida, kisha hutumika tena. Adams na Holmes wa Uingereza walitengeneza resini za kwanza mwaka 1935. Viwanda huzitumia kulainisha maji ya boila na kuondoa rangi kwenye sukari.

Isichoweza
Resini hii haiui vijidudu vya kipindupindu. Maji ya kunywa bado yachemshwe au yatiwe klorini. Wala haiondoi floraidi. Kwa hiyo Jimbo Katoliki la Nakuru, Kenya, na kituo cha Ngurdoto, Arusha, walitumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe, unaonasa floraidi. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita.

Maswali ya kamati
1. Je, maji yetu yamepimwa katika maabara ya maji ya serikali?
2. Tatizo letu ni ugumu, floraidi au vijidudu?
3. Chumvi ya kuoshea resini itanunuliwa na nani kila mara?
4. Maji ya chumvi yatamwagwa wapi yasiharibu mashamba?

Mfadhili hutoa mashine mara moja; chumvi ni mzigo wa parokia miaka yote. Kamati isiyo na majibu ya maswali haya isubiri kwanza. Kama tatizo ni vijidudu, fedha hizo zijenge mfuniko wa kisima na kununua klorini.