Makazi ya Mbweni: Somo la Huduma kwa Wanawake Manusura wa Vita

Anayetoka Mji Mkongwe kuelekea kusini mwa Unguja hufika Mbweni, na huko, karibu na bahari, hukuta magofu ya mawe yaliyozungukwa na miti. Hapo ilikuwapo skuli ya wasichana ya Mtakatifu Maria, iliyoendeshwa na misheni ya Kiingereza iliyojulikana kwa kifupi kama UMCA. Mwaka 1877 alifika mahali hapo Caroline Thackeray, Mwingereza, jamaa wa mtunzi wa riwaya William Makepeace Thackeray. Aliiongoza skuli hiyo kwa takriban miaka 25, na sehemu ya gharama aliitoa katika mali yake mwenyewe. Alipostaafu mwaka 1902 hakurejea kwao. Alibaki Mbweni, katika nyumba iliyokuwa ya Balozi John Kirk, hadi alipofariki mwaka 1926.

Wanafunzi wake hawakuwa watoto waliopelekwa skuli na wazazi. Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash alitia saini mkataba uliopiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini na kulifunga soko la watumwa la Zanzibar, lakini biashara yenyewe haikufa siku hiyo. Ilijificha katika majahazi ya usiku. Kuanzia mwaka 1874 manowari ya Kiingereza iliyoitwa London ilitia nanga bandarini, na mashua zake zikawa zinayasaka majahazi hayo. Baadhi ya waliookolewa, hasa wasichana na wanawake, walikabidhiwa misheni. Wengi wao walitoka pande za Ziwa Nyasa, ambako vita vya wakuu, uvamizi wa vijiji, madeni na njaa vilikuwa vimefungamana kiasi kwamba ilikuwa vigumu kusema ni kipi hasa kilichomtoa mtu kwao. Msichana aliyefika Mbweni alikuwa ametembea mwendo mrefu hadi pwani, amevushwa bahari, na pengine hakuwa na habari ya jamaa hata mmoja aliye hai.

Mhudumu wa afya wa leo akimpokea mtu wa namna hiyo atatafuta kwanza utapiamlo, vidonda, kuhara na homa, na atakuwa sahihi. Madhara mengine hayaonekani kwa macho. Ndoto za kutisha, kushtuka kwa kishindo kidogo, kukwepa kila kinachokumbusha tukio, na kumbukumbu zinazorudi bila kuitwa: dalili hizi zikidumu zaidi ya mwezi mmoja na kumzuia mtu kuendesha maisha yake, huitwa maradhi ya kiwewe. Aghalabu mgonjwa hazitaji. Hulalamikia kichwa, moyo kwenda mbio, kukosa usingizi au maumivu chini ya kitovu yasiyopata jina katika vipimo. Mwanamke anayerudi kliniki mara ya nne kwa maumivu hayo hayo hasumbui. Huenda anasubiri aulizwe faraghani, na kwa upole, kama nyumbani kwake kuna amani.

Thackeray hakuwa tabibu, wala elimu ya kiwewe haikuwapo zama zake. Hata hivyo, alichokijenga kinastahili kuangaliwa na matabibu. Kulikuwa na mahali salama pa kulala, chakula kwa wakati, siku yenye mpangilio, kazi za mikono na masomo. Lugha ya pamoja ilikuwa Kiswahili, ingawa wengi wa wasichana hao hawakuzaliwa nacho. Myao na Mmakua walikutana ndani yake na kuweza kuambiana mambo. Baadhi yao wakawa walimu, wakawafundisha waliofika baada yao. Muda nao ni wa kutiliwa maanani: mlezi mmoja, mahali pale pale, kwa robo karne. Miradi ya sasa, ambayo mara nyingi hufungwa ufadhili unapokwisha, ina la kujiuliza hapo.

Palikuwa na kasoro pia, na si haki kuzifunika kwa sababu ya heshima ya mkuu wa skuli. Wasichana waliingizwa katika dini ya misheni wakiwa hawana pengine pa kwenda. Hiari ya mtu asiye na mlango wa pili ni hiari ya mashaka. Walioonekana hawafai kwa vitabu walitengwa katika upande wa kazi za mikono. Ndoa nyingi zilipangwa na misheni, bwana harusi akitoka miongoni mwa vijana waliokombolewa waliosoma Kiungani. Aliyeporwa uamuzi juu ya mwili wake alihitaji, kabla ya yote, kurejeshewa uamuzi huo, na hapo Mbweni haikufika.

Serikali nayo haikufika. Amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba iliwaacha nje masuria, na ilibidi wangoje hadi mwaka 1909. Kwa miaka 12, wanawake waliokuwa wakitumiwa ndani ya nyumba ndio walioambiwa wavumilie.

Kisa kingine cha Zanzibar kinahusu chumba cha wagonjwa moja kwa moja. Katika miaka ya 1860 msichana wa Kiyao aitwaye Swema aliuzwa kwa msafara kwa sababu ya deni la mama yake. Mama aliufuata msafara ili asitengane na mwanawe, akafia njiani. Swema alifikishwa Unguja akiwa hoi, akadhaniwa hafai tena, akaviringishwa mkekani na kufukiwa kaburi la juu juu. Mpita njia alimsikia, akampeleka kwa masista Wakatoliki waliokuwa na zahanati mjini. Simulizi yake ilichapishwa Ulaya, na kilele chake ni pale Swema anapotakiwa kumhudumia majeruhi ambaye anamtambua kuwa ni miongoni mwa waliomtesa, naye anamsamehe. Wamisionari waliusifu msamaha huo. Muuguzi wa leo anapaswa kuusoma kwa tahadhari kubwa. Msamaha ni wa manusura mwenyewe, kwa wakati wake, au asiutoe kamwe. Mhudumu anayemwambia mgonjwa wake "samehe, yaishe" anaondoa mzigo juu ya aliyetenda na kumwongezea aliyetendwa.

Katika zama zetu, kazi hii imefanywa na wanawake waliopitia moto huo wenyewe. Mwaka 1998, mashariki mwa Kongo, Rebecca Masika Katsuva alishambuliwa nyumbani kwake. Mumewe aliuawa, yeye na binti zake wakabakwa. Baadaye alifungua nyumba ya kuwapokea wanawake wengine karibu na Minova, kando ya Ziwa Kivu. Aliwasindikiza hospitali, akalea watoto waliozaliwa kutokana na ubakaji, akalima nao shamba la pamoja. Walimwita Mama Masika. Alifariki tarehe 2 Februari 2016.   Miongozo ya sasa ya tiba inaelekeza kwamba manusura asishurutishwe kusimulia tukio. Asikilizwe akitaka, aachwe akinyamaza.

Kwa wahudumu wa Unguja, saa ndizo zinazoamua. Aliyebakwa akifika ndani ya saa 72 anaweza kuanzishiwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, azitumie kwa siku 28, na kila saa inayopotea hupunguza manufaa yake. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba hutolewa hadi siku ya 5. Kinga ya homa ya ini aina ya B na tiba ya magonjwa ya zinaa hufuata. Fomu ya polisi ni haki yake, lakini matibabu hayapaswi kuingojea. Hospitali ya Mnazi Mmoja ina kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo tiba, unasihi na msaada wa kisheria hupatikana pamoja, ili mwanamke asirudie maelezo yake katika kila dirisha. Anayehitaji huduma zaidi ya afya ya akili anaweza kupelekwa Kidongo Chekundu, na aelezwe mapema kwa nini anapelekwa huko, maana jina la mahali hapo huwatisha wengi.

Mgonjwa naye ajue anachoweza kudai. Anaweza kuomba ahudumiwe na mwanamke, na awe na mtu wake chumbani. Anaweza kukataa sehemu yoyote ya uchunguzi bila kunyimwa dawa. Aliyechelewa siku, miezi au miaka bado ana huduma inayomfaa: maumivu ya muda mrefu, kuvuja mkojo kutokana na fistula na kiwewe vyote vina tiba. Kipimo cha VVU hurudiwa baada ya wiki 6 na tena baada ya miezi 3, na tarehe hizo aandikiwe kwenye karatasi isiyotaja sababu, ili aweze kuiweka nyumbani bila hofu.