Kaizari Uhamishoni: Dola ya Elba, 1814–1815

Aghalabu husemwa kwamba Napoleon Bonaparte alifungwa katika kisiwa cha Elba. Kauli hiyo ina kasoro. Mkataba wa Fontainebleau wa Aprili 1814, uliotiwa saini baada ya kushindwa kwake, ulimwachia cheo cha kaizari na kumpa Elba, kisiwa kilichoko kati ya Italia na Corsica, kiwe milki yake kamili maisha yake yote. Alikuwa na bendera, nyeupe yenye mkanda mwekundu na nyuki watatu wa dhahabu; alikuwa na jeshi dogo na raia wapatao 12,000. Huyo si mfungwa. Ni mtawala aliyetolewa katika dola moja akapewa nyingine, japo ndogo mno.

Alipowasili Portoferraio mwezi wa Mei alishika kazi mara moja. Alitengeneza barabara na kudai mapato ya migodi ya chuma ya Rio. Hata hivyo, kilichoitikisa dola hiyo ni hazina. Mkataba ulimwahidi faranga milioni 2 kila mwaka kutoka Ufaransa, na serikali ya Louis XVIII haikulipa. Jeshi la watu wapatao 1,000 lilihitaji mishahara ambayo kisiwa hakingeweza kuimudu. Isitoshe, mkewe, Marie Louise, na mwanawe walibaki Austria, na uvumi ulienea kwamba angepelekwa mbali zaidi. Waliomnyima fedha hizo ndio waliomwogopa kuliko wote. Ajabu ni kwamba walimpa sababu ya kuondoka.

Tarehe 26 Februari 1815, Neil Campbell, afisa wa Uingereza aliyekuwa akimchunga, akiwa safarini Italia bara, Napoleon alisafiri na askari wake kurudi Ufaransa. Dola ilikuwa haijatimiza miezi 10. Mkutano wa Vienna uliikabidhi Elba kwa Toscana.

Baada ya Waterloo alipelekwa Saint Helena, na huko alikuwa mfungwa hasa hadi alipofariki mwaka wa 1821. Neno "uhamishoni" hubeba hali zote mbili bila kuzitenganisha. Katika historia ya Afrika Mashariki, Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro, waliopelekwa Ushelisheli baada ya kukamatwa mwaka wa 1899, waliijua hali ya pili tu. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Sayyid Khalid bin Barghash wa Zanzibar, ambaye Waingereza walimkamata wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na kumpeleka Saint Helena hiyo hiyo.