Fundi Akifundisha Bure, Atakula Nini?



Siku hizi kompyuta si kitu cha mjini peke yake. Utaikuta kwenye ofisi ya chama cha msingi cha pamba. Utaikuta shuleni. Utaikuta kwenye duka la stationari, tunakopeleka barua zetu zipigwe chapa. Ikiharibika, kazi inasimama. Mtu wa Nansio, Ukerewe, hubeba kompyuta yake, akapanda meli mpaka Mwanza mjini kumtafuta fundi. Atalipa nauli, atalipa pa kulala, halafu atamlipa fundi. Kumbe tatizo lilikuwa vumbi tu!

Sasa basi, wako mafundi wanaojipiga video kwa simu wakiwa kazini. Wanaonyesha namna ya kutengeneza, kisha wanaziweka video hizo kwenye intaneti. Kila mtu anatazama bila kumlipa fundi. Wenzao wanalalamika: "Nyinyi mnamwaga ugali wetu!" Katika somo hili tutazame jambo hili pande zote. Je, fundi atoe ujuzi wake bure, au aufiche?

Hasara ipo

Tusimdanganye fundi. Hasara ipo. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme fundi anapata wateja 20 kwa mwezi. Kati yao, wateja 5 kompyuta zao zimejaa vumbi tu. Fundi anasafisha kila moja kwa shilingi 10,000.

5 × 10,000 = 50,000

Watu wote wakijua kusafisha vumbi wenyewe, shilingi 50,000 hizo zinaweza kupotea. Kwa mtu anayelipa kodi ya kibanda, umeme na mahitaji ya watoto shuleni, hizo si hela ndogo. Tena wako mafundi waliojifunza kwa shida. Walikaa kwa fundi mkubwa wakifagia na kutumwa chai, kabla hawajaruhusiwa kushika bisibisi. Ndiyo maana fundi anauliza: "Nilichokipata kwa jasho, nikigawe bure?" Swali lake ni la haki.

Lakini je, wale wateja 15 waliobaki? Mmoja kioo cha kompyuta kimepasuka. Mwingine amemwagia chai. Mwingine kompyuta haiwaki kabisa. Hao hawatajitengenezea kwa kutazama video. Wanahitaji vipuri, vifaa na mikono iliyozoea kazi. Basi tuone: fundi hauzi siri peke yake. Anauza kazi ya mikono yake, vifaa vyake na uaminifu wake.

Tuliwahi kufundishana

Jambo la kutoa ujuzi kwa watu wote si geni kwetu. Mwaka 1968 ulianza mpango wa majaribio wa kisomo uliosaidiwa na UNESCO katika mikoa ya Ziwa: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambao leo ni Kagera. Wazee wetu walijifunza kusoma kwa vitabu vya kilimo cha pamba, migomba na uvuvi. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya redio ya "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakachimba vyoo. Je, mganga alikosa kazi kwa kuwa watu walijua kujikinga na magonjwa? Hapana. Bwana shamba naye aliendelea kuhitajika.

Ujuzi ni kama moto wa jikoni. Jirani akija kuchukua kaa la moto, jiko lako halizimiki.

Wengine walipataje riziki?

Tutazame mfano wa Marekani. Mwaka 2003 vijana wawili wanafunzi, Kyle Wiens na Luke Soules, walikuwa na kompyuta iliyoharibika. Walitafuta kitabu cha maelekezo ya kuitengeneza, wasikipate. Baadaye walianzisha kampuni inayoitwa iFixit. Maelekezo ya kutengeneza wanayatoa bure kwenye intaneti. Fedha wanazipata kwa kuuza vipuri na vifaa. Aliyesoma maelekezo akaona anahitaji bisibisi, ananunua kwao.

Hapa Tanzania, mwaka 2016, VETA na kampuni ya simu ya Airtel walianzisha mafunzo ya ufundi kwa simu, yaliyoitwa VSOMO. Mafunzo hayo yalikuwa na ada. Mwanafunzi alisoma nadharia kwenye simu, halafu akaenda kwenye chuo cha VETA kufanya kazi kwa mikono. Tunajifunza nini hapo? Simu inafundisha kichwa, karakana inafundisha mikono.

Lakini fundi asidhani kwamba YouTube itamlipa kesho yake. Tangu mwaka 2018, mwenye video za kawaida anatakiwa awe na wafuatiliaji 1,000, na video zake ziwe zimetazamwa kwa saa 4,000 ndani ya miezi 12. Hapo ndipo anaweza kuomba mgao wa fedha za matangazo. Faida ya karibu ni nyingine: watu kumjua. Mtu wa Sengerema au Magu aliyeona kazi yake atajua pa kwenda siku kompyuta ikizima kabisa.

Tena jamani, video ya bure si bure kabisa. Anayetazama analipa bando. Fundi naye analipa bando. Kwa hiyo video iwe fupi, iwe ya Kiswahili, na isiwe na porojo.

Kuna hatari

Si kila kitu kinafaa kufundishwa kwa video. Ndani ya kompyuta ya mezani kuna kisanduku kinachoingiza umeme, mafundi wanakiita pawa saplai. Hata ukichomoa waya ukutani, umeme unaweza kubaki ndani yake na kukupiga. Mtu asiye fundi asikifungue kabisa. Betri ya laptopu iliyovimba nayo ni hatari. Ukiitoboa inaweza kuwaka moto.

Tena kompyuta ya mteja ina barua, picha na hesabu zake. Fundi asizionyeshe kwenye video. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Sisi tunaonaje?

Sisi tunaona fundi atoe bure mambo ya kutunza na kukinga. Kwa mfano:

1. Chomoa waya za kompyuta ukutani radi inapoanza kupiga.
2. Kompyuta ikipata joto sana na kuzima yenyewe, huenda feni imejaa vumbi. Zima, chomoa waya, shika feni isizunguke, kisha safisha kwa brashi laini iliyo kavu.
3. Ukimwagia maji au chai, zima mara moja na uchomoe chaja. Usijaribu kuiwasha. Peleka kwa fundi.
4. Hesabu za chama ziwe na nakala mahali pengine, kwenye fleshi au kompyuta nyingine.

Kazi ya kufungua na kubadilisha vipuri tumlipe fundi, bila kumpunja. Anayetaka kuwa fundi naye akajifunze kwa fundi na alipe ada yake. Hivyo mtu wa Ukerewe hatapanda meli kwa ajili ya vumbi, na fundi wa Mwanza hatalala njaa.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Je, katika kijiji chetu kuna ujuzi uliopotea kwa sababu mwenye nao alikufa bila kumfundisha mtu?
2. Kama wewe ungekuwa fundi, ungefundisha nini bure, na nini kwa malipo?
3. Fundi wateja 30, na 6 kati yao ni wa vumbi. Kila mmoja analipa shilingi 8,000. Akiwakosa hao 6, atapoteza shilingi ngapi?

Maneno ya kujifunza

Vipuri: vitu vipya vya kuweka mahali pa vilivyoharibika.
Nadharia: mafunzo ya kusoma na kuelewa, kabla ya kazi ya mikono.
Nakala: mfano wa pili wa maandishi yale yale.