Kibofu kilichopooza: umeme unavyotoa mkojo

Mtu akiumia uti wa mgongo kwa ajali ya gari au kwa kuanguka mnazini, jamaa huitazama miguu. Huuliza lini atatembea. Wachache huuliza habari ya kibofu, nacho ndicho kinachoweza kumuua. Mara nyingi kibofu hujibana chenyewe huku msuli wa mlango wake nao umefunga. Mkojo hubaki, hurudi juu na kuharibu figo.

Katika miaka ya 1970, Dk. Giles Brindley wa London alitengeneza kifaa cha umeme cha kutibu tatizo hili. Waya huunganishwa na mizizi ya mbele ya mishipa ya fahamu iendayo kwenye kibofu, na kipokezi huwekwa chini ya ngozi. Mgonjwa huweka kifaa kingine juu ya ngozi, hubonyeza, na mkojo hutoka.

Ajabu ni kwamba umeme huo hubana kibofu na mlango wake kwa pamoja. Sasa mkojo unapitaje? Umeme hutolewa kwa vipindi. Ukikatika, msuli wa mlango hulegea upesi, kibofu hulegea polepole, na katika nafasi hiyo mkojo hupita. Ndiyo maana hutoka kwa mikupuo.

Tiba hii ina gharama isiyo ya fedha. Kwa kawaida mizizi ya nyuma hukatwa ili kibofu kisijibane ovyo. Mwanamume aweza kupoteza nguvu za kiume zinazoamshwa kwa kuguswa, na aliyebakiwa na hisia sehemu hizo huzikosa. Mke na mume walizungumze mapema, haya isiwazuie. Na kama mishipa yenyewe ya kibofu imeharibika, kifaa hakifai.

Kwa wengi wetu upasuaji huo uko mbali. Iliyo karibu ni njia aliyoieleza Dk. Jack Lapides wa Michigan, Marekani, mwaka 1972: kuingiza mpira safi, kumaliza mkojo, kisha kuuchomoa, kila baada ya saa 4 hadi 6. Mwombe muuguzi akufundishe, na nawa mikono kwa sabuni kila mara.

Anayevujwa na mkojo asiache swala. Ajisafishe, ajifunge kitambaa safi, atawadhe wakati wa swala ukishaingia.

Aliyeumia sehemu ya juu ya mgongo akishikwa ghafla na maumivu makali ya kichwa na jasho usoni, mketishe wima, mtoe mkojo upesi, na mpelekeni hospitali.