Chembe za Damu Zinapopangana

Mgonjwa akikabidhiwa majibu ya damu, jicho hukimbilia wingi wa damu na malaria. Maelezo ya hadubini yaliyo chini ya karatasi hupitwa. Wakati mwingine hapo huwa limeandikwa neno la Kifaransa rouleaux, hutamkwa rulo: chembe nyekundu zimeonekana zimepangana bapa kwa bapa, kama sahani kabatini.

Huo si ugonjwa, na mara nyingi chembe zenyewe hazina kasoro. Habari iko kwenye plazma, yale majimaji zinamoelea. Kila chembe nyekundu imebeba chaji hasi juu yake, na kwa kuwa zote zina chaji hiyo hiyo, husukumana. Protini kubwa zikizidi katika plazma, hasa fibrinojeni na kingamwili, msukumo huo hulegea na chembe huanza kuegemeana. Chembe zilizopinda haziwezi kupangana vizuri, kwa hiyo mwenye selimundu anaweza kuwa na maambukizi makali na safu hizo zisionekane.

Basi la kumuuliza daktari ni hili: protini zimezidi kwa nini? Mjamzito huwa na fibrinojeni nyingi naye ni mzima. Kifua kikuu, VVU, baridi yabisi, na kala-azar kwa wakazi wa maeneo kama Baringo na Turkana nchini Kenya, yote yanaweza kuleta hali hii. ESR nayo hupanda kwa sababu hiyo hiyo. Kipimo hicho hutazama chembe zimezama kiasi gani ndani ya mrija kwa saa 1, na zilizopangana huzama upesi kuliko zilizotawanyika. Ukiona ESR imepanda na safu zimeonekana, usihesabu magonjwa mawili.

Pia huenda hakuna kitu. Kwenye sehemu nene ya slaidi, chembe za mtu yeyote hulaliana, na mtaalamu makini husoma pale damu ilipotandazwa nyembamba. Tone bichi la damu likiachwa kidogo chini ya kioo, nalo hufanya vivyo hivyo. Hapo ndipo baadhi ya wauza virutubisho walipopata mtaji: wanakutoboa kidole, wanakuonyesha safu kwenye skrini, wanakuambia damu yako ina asidi au sumu, kisha wanafungua begi la vidonge. Damu ya binadamu hukaa kwenye pH ya 7.35 hadi 7.45, na mapafu na figo ndiyo huilinda. Ikitoka hapo kwa kiasi kikubwa, mtu huwa mahututi wodini, si kibandani akinunua vidonge.

Kinachonitia wasiwasi zaidi kukiona kikipuuzwa ni mieloma. Hii ni saratani ya seli za uboho zinazotengeneza kingamwili; seli hizo huzaana na kumwaga protini ya aina moja bila kikomo. Wengi wanaoipata ni watu wazima wa zaidi ya miaka 60, na dalili ya kwanza mara nyingi ni mgongo, maumivu ambayo kila mtu huyaita ya uzee. Mzee mwenye maumivu ya mifupa yasiyokwisha, anayeishiwa damu bila sababu ya wazi, anayepata maambukizi mara kwa mara au ambaye figo zake zimeanza kudhoofu, kisha slaidi yake ikaonyesha chembe zilizopangana, apimwe protini za damu kwa elektroforesisi, pamoja na kalsiamu na utendaji wa figo. Mkojo nao upelekwe maabara kwa kipimo kama hicho, kwa sababu kile kijiti cha kuchovya kinaweza kuzikosa protini za mieloma.

Kuna jambo moja zaidi kwa wanaosubiri kuongezewa damu. Wakati wa kulinganisha damu ya mgonjwa na ya mchangiaji, safu hizi zinaweza kuonekana kama damu mbili zinazokataana. Tofauti yake ni kwamba zikiwekewa maji ya chumvi ya maabara hutawanyika, ilhali mabonge ya damu zinazokataana kweli hubaki. Kwa hiyo mwenye mieloma, au aliyewahi kuandikiwa rouleaux, aende na karatasi yake ya zamani na amwambie mtaalamu wa maabara kabla sampuli haijachukuliwa.