MAELEZO KWA WATUMISHI NA WANANCHI: SI KILA HATI YA INTANETI NI KIWANGO

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanafahamishwa kwamba hati zenye herufi RFC na nambari, zinazotajwa katika mikataba ya ununuzi wa kompyuta na mitambo ya mawasiliano, hazilingani kwa uzito. Afisa anayeidhinisha malipo kwa kuona nambari pekee aweza kuilipisha Serikali kwa jambo ambalo wahandisi hawajakubaliana juu yake.

Hati hizo hutokana hasa na IETF, jumuiya ya wahandisi wa intaneti iliyoanza mwaka 1986. Tarehe 1 Aprili 1990 ilitoka katika mfululizo huo hati nambari 1149, ielezayo namna ya kupeleka taarifa za kompyuta zikiwa zimeandikwa kwenye karatasi iliyofungwa mguuni mwa ndege. Ulikuwa mzaha, lakini nambari ni halali, na daraja lake ni la majaribio. Mwezi Aprili 1995 ilibidi itolewe hati nyingine, nambari 1796, kukumbusha kwamba si hati zote ni viwango.

Yako madaraja ya viwango, ya taarifa, ya majaribio na ya hati zilizopitwa na wakati. Mwezi Agosti 1995 likaongezwa daraja la Utaratibu Bora wa Sasa, kwa kifupi BCP. Kiwango hueleza jinsi mitambo inavyosemezana. BCP huwaelekeza wanadamu jinsi ya kuiendesha, na hata jinsi jumuiya yenyewe inavyofanya kazi.

Utaratibu wa mapitio umo katika BCP 9, ambayo msingi wake ni hati nambari 2026 ya Oktoba 1996. Rasimu huwekwa hadharani, nayo kamati ya uongozi, IESG, hutoa wito wa mwisho wa maoni usiopungua wiki 2, au wiki 4 iwapo rasimu haikutoka katika kikundi kazi. Yeyote aweza kutoa maoni, kwani hakuna uanachama wala kura. Kamati yaweza kuikubali, kuirudisha, au kuipa daraja jingine. Kiwango hupanda ngazi kadiri kinavyothibitika katika matumizi. BCP haina ngazi, hivyo hupimwa mara moja, na kwa ukali ule ule.

Mfano ni BCP 5, yaani hati nambari 1918 ya Februari 1996, iliyotenga anwani kwa mitandao ya ndani, zikiwamo zinazoanza na 192.168. Ndiyo maana kompyuta katika ofisi ya Kata ya Kiloleli, wilayani Busega, mkoani Simiyu, na nyingine katika ofisi ya sheha huku Unguja, zaweza kuwa na anwani moja pasipo kugongana.

Aidha BCP 47 huelekeza jinsi ya kuitambulisha lugha kwa kompyuta: Kiswahili ni sw, na Kiswahili cha Tanzania ni sw-TZ. Hati yake ilikuwa nambari 3066 mwaka 2001, ikafuatiwa na 4646 mwaka 2006, kisha 5646 mwaka 2009. Nambari 47 haikubadilika. Mkataba utajao 3066 umejifunga kwenye hati iliyokwisha kuachwa. Kwa hiyo maafisa wanashauriwa kuandika nambari ya BCP pale ilipo, na kusoma daraja lililoandikwa kichwani mwa hati kabla ya kutia saini.