Kuongeza Kasi ya Baiskeli kwa Gharama Nafuu: Somo kwa Wanunuzi na Waendeshaji

Mbio za baiskeli za kushindana na saa ni mashindano ambayo kila mwendeshaji huondoka peke yake, mmoja baada ya mwengine, na mshindi ni yule aliyetumia muda mfupi kuliko wote. Hairuhusiwi kujibanza nyuma ya mwenzako ili akukingie upepo. Kwa hivyo kila udhaifu wa mwili na wa chombo huonekana kwenye saa, na hapo ndipo muuzaji anapompata mnunuzi. Kijana aliyeachwa kwa sekunde arobaini kwenye barabara ya Fumba huambiwa kwamba sekunde hizo zimo dukani, ndani ya ringi za nyuzi za kaboni, na kwamba akitoa fedha za upatu wa miezi sita atazipata. Mashindano ya dunia ya barabara yalipofanyika Kigali mwezi Septemba 2025, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika, watu wengi wa ukanda wetu waliviona vyombo vya fahari vinavyotumika katika mbio hizi, na si ajabu kuvitamani. Katika somo hili tunaeleza sekunde zipi zinauzwa, zipi hazina bei, na zipi hununuliwa kwa khatari ya maisha.

Tuanze na hewa, maana ndiyo mpinzani mkuu. Barabara za Unguja kwa sehemu kubwa ni tambarare, na kwenye tambarare mwendeshaji anayekwenda kilomita 35 kwa saa hutumia sehemu kubwa sana ya nguvu zake kuisukuma hewa tu. Nguvu hiyo haiongezeki sawasawa na kasi. Ukitaka kuzidisha kasi mara mbili, nguvu ya kuishinda hewa huzidi mara nane. Na kupanda kutoka kilomita 35 hadi 40 kwa saa hudai takriban nusu nyengine ya nguvu uliyokuwa ukitumia dhidi ya hewa. Jambo la kuzingatia ni kwamba katika upinzani huo baiskeli yenyewe huchangia kidogo. Sehemu kubwa hutokana na mwili wa aliyeipanda. Mnunuzi anayebadilisha ringi huku ameketi wima kama anayesubiri kahawa barazani, anatibu kidole na kuuacha mguu.

Historia ya mchezo huu inalithibitisha hilo. Mwaka 1989, siku ya mwisho ya mashindano ya Tour de France, Greg LeMond wa Marekani aliondoka Versailles kuelekea Paris akiwa nyuma ya Laurent Fignon wa Ufaransa kwa sekunde 50. Njia ilikuwa ya kilomita 24.5. LeMond alifunga juu ya usukani wake mikono ya kuegemea viwiko, iliyomwezesha kuinama na kukusanya mikono mbele ya kifua. Fignon alipanda bila ya kofia, nywele zake zikipepea. LeMond alishinda mashindano yote kwa sekunde 8. Miaka minne baadaye, huko Hamar nchini Norway, Graeme Obree wa Scotland alivunja rekodi ya dunia ya kuendesha saa moja kwa kufikia kilomita 51.596, juu ya baiskeli aliyoiunda mwenyewe, ambayo ndani yake mlikuwa na beringi za mashine ya kufulia. Siri yake ilikuwa namna ya kukaa, mikono ikiwa imekunjwa chini ya kifua. Mwaka uliofuata wakuu wa mchezo walipiga marufuku mkao ule, jambo ambalo kwa maoni yetu ni ushahidi kuwa ulifanya kazi.

Basi hatua ya kwanza ni ya fundi, wala si ya duka. Mwambie ateremshe usukani kwa kuzihamisha pete zilizo chini ya shingo yake, kidogo kidogo, na upande kwa wiki nzima kabla ya kuteremsha tena. Mkao ulio chini mno ambao huwezi kuuhimili kwa nusu saa hauna faida, kwani utainuka mwenyewe katikati ya njia. Wenye baiskeli za kawaida zenye usukani uliopinda juu wanaweza kuugeuza ukapinda chini, ila si kwa zile zenye breki za vyuma, kwa sababu vyuma hivyo havitafuata na breki haitashika. Toa kikapu na keria siku ya mashindano. Kengele na taa zibaki kwa safari ya kurudi nyumbani.

Mavazi nayo ni hewa. Fulana pana inayojaa upepo ni tanga linalokuvuta nyuma. Si lazima kununua suti ya mashindano; fulana ya mikono mirefu iliyoshonwa kuubana mwili kiasi, kwa kitambaa kisichopepea, inatosha kwa anayeanza, na cherehani ya mtaani huweza kuipunguza fulana uliyonayo. Mwanamke anayepanda kwa hijabu hapungukiwi na kitu: mtandio mfupi wa kitambaa cha kuvutika, ncha zake zikiingizwa ndani ya fulana, hupita hewani vizuri kuliko nywele zilizoachwa wazi.

Kuhusu mikono ya kuegemea viwiko kama ile ya LeMond, hiki ndicho kifaa cha kununuliwa ambacho tungekitanguliza kuliko vyengine vyote, lakini kwa masharti. Chagua ya aluminiamu. Kabla ya kulipa, pima unene wa usukani wako pale kinapofungwa kifaa: baiskeli nyingi za kisasa huwa na milimita 31.8, na za zamani 25.4 au 26. Kifaa kisichokaa sawasawa kitateleza ukiwa mwendoni. Elewa pia kwamba ukiwa umeegemea viwiko, vidole viko mbali na breki. Usiegemee hivyo Darajani, wala Mwanakwerekwe, wala mahali popote daladala zinaposimama kushusha abiria, wala katika matuta ya barabarani pale msitu wa Jozani. Na kichwa kiinuke. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kulelewa kimchezo na David Kinjah, baadaye alipata nishani za shaba za mbio za saa katika Olimpiki ya London 2012 na ya Rio 2016. Lakini mwaka 2006 huko Salzburg, akiiwakilisha Kenya katika mashindano ya dunia ya vijana, alimgonga ofisa wa mashindano muda mfupi tu baada ya kuondoka.

Mipira huja baada ya mkao, na hapa wanunuzi wengi hupoteza fedha kwa kutosoma namba. Neno "inchi 28" halitoshi. Baiskeli za zamani za kubebea mizigo hutumia ringi ya milimita 635, na za mbio hutumia ya 622, ilhali zote mbili huitwa 28 madukani. Soma namba iliyochapwa ubavuni mwa mpira: 28-622, kwa mfano, ni upana wa milimita 28 kwa ringi ya 622. Ukunje mpira kidogo mbele ya muuzaji. Ukiona nyufa ndogondogo, umekaa juani muda mrefu, urudishe. Mpira mlaini na mwepesi kukunjika huenda kasi kuliko mgumu wenye meno, hata ukiwa wa bei ya chini. Upepo usizidi kiwango kilichochapwa ubavuni, wala usidhani kwamba mpira mgumu kama jiwe ndio mwepesi. Kwenye lami iliyochakaa, mpira uliojazwa kupita kiasi hurukaruka na kumchosha mpandaji.

Mnyororo ni adui wa siri kwa sisi tunaoishi kisiwani. Chumvi ya bahari na mchanga huula haraka. Uoshe kwa mafuta ya taa mbali na moto, uukaushe kabisa, kisha utie tone moja la mafuta mepesi kwenye kila kiungo na kufuta yanayozidi. Mafuta ya cherehani yanafaa kwa mbio fupi, ingawa huisha mapema. Oili chafu ya gari isitumike, maana hubeba chembe za chuma na kushika mchanga. Kwa kupima uchakavu, tumia rula: pini 25 zinazofuatana, kuanzia katikati ya ya kwanza hadi katikati ya ya mwisho, ni milimita 304.8 kwa mnyororo mpya. Ukifika 306 na nusu, badilisha. Ukiuacha ufike 308, utakuwa umekwisha kuharibu na meno ya nyuma, na gharama itakuwa kubwa zaidi.

Uzito tutaupitia kwa haraka, kwa kuwa unazungumzwa kupita thamani yake. Katika njia tambarare ya kilomita 20, kilo moja iliyopunguzwa huleta sekunde chache tu. Kusogeza breki inayogusa ringi ni bure, na kunaweza kuleta zaidi.

Jambo jengine lisilo na bei ni kuujua upepo. Wakati wa kusi upepo hutoka kusini, wakati wa kaskazi hutoka kaskazini mashariki, na barabara ya Nungwi au ya Makunduchi huhisi tofauti kabisa kwa kila msimu. Upepo wa kukurudisha huchukua zaidi ya ule wa kukusukuma unavyorudisha. Chukua njia ya kilomita 10 kwenda na 10 kurudi: ukienda kwa 30 kwa saa ni dakika 20, ukirudi kwa 40 ni dakika 15, jumla dakika 35, yaani wastani wa 34.3 na si 35. Kwa hivyo ongeza juhudi kidogo unapokabili upepo, na upumue unaposukumwa. Hesabu hiyohiyo ikulinde unapojaribu kifaa kipya. Muuzaji anayekuambia "panda hadi kule uone" huku upepo uko mgongoni, anakuuzia upepo. Jaribu kwa kwenda na kurudi, mapema asubuhi, barabara ileile, mara mbili bila ya kifaa na mara mbili nacho, kwa juhudi ileile. Tofauti isiyozidi ile iliyoko kati ya safari zako mbili za mwanzo si tofauti ya kulipia.

Tunamalizia kwa vitu viwili ambavyo unafuu wake haupimwi kwa bei. Cha kwanza ni usukani, uma na ringi za kaboni zisizo na jina la kiwanda, au zenye jina maarufu kwa bei isiyoelezeka. Kaboni iliyoundwa vibaya au iliyowahi kuanguka haipindi kama chuma ili ikuonye. Hukatika ghafla, mara nyingi katika mwendo wa kasi. Kifaa cha mtumba cha aina hii, ambacho historia yake huijui, usikinunue hata ukibembelezwa. Cha pili ni kofia ngumu. Tafuta ndani yake alama ya kiwango, kama EN 1078 ya Ulaya, pamoja na jina la mtengenezaji na mwaka. Bonyeza povu la ndani na uvute kamba kwa nguvu. Povu lenye ufa au kamba inayochomoka ni sababu ya kutoinunua. Kofia iliyowahi kupigwa chini kwa nguvu imekwisha kazi yake, hata kama nje inang'aa.

Dai risiti iliyoandika jina la kifaa, saizi na tarehe, si neno "vipuri" pekee. Kifaa kikivunjika, usikitupe wala usimwachie muuzaji bila ya maandishi. Kipige picha, weka vipande vyote pamoja na kifungashio, mwandikie muuzaji ukieleza kilichotokea na unachotaka, na asipojibu, leta malalamiko yako ofisini kwetu pamoja na risiti na vipande hivyo.